Fedha, ada, kifaa au cheti: kuchagua zawadi ya mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa taifa

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, simu za wanakamati huanza kuita. Wapo wazazi wa shule binafsi, wapo waliosoma pamoja miaka mingi iliyopita na sasa wana umoja wao, wapo wazawa wa kata waliohamia mjini au ng'ambo, na wote huuliza jambo lile lile: watoto wetu wamefaulu, tuwape nini? Katika vikao vya namna hiyo nilivyowahi kukaa, majibu yanayogombana huwa manne, nayo ni fedha taslimu, kugharamia masomo ya hatua inayofuata, kifaa cha kusomea, na heshima ya hadharani yenye cheti au ngao. Makala haya yanayaweka majibu hayo manne kwenye mizani moja, kwa ajili ya kamati ambayo imekwisha kuchanga lakini haijakubaliana.

Kwanza, ni nani aliyefaulu?

Ugomvi mwingi ninaoujua haukuzuka kwa sababu ya zawadi, bali kwa sababu ya mpokeaji, na chanzo chake ni kwamba kamati iliahidi kumzawadia "wa kwanza" bila kujua matokeo yanasomwaje. Matokeo ya Kidato cha Nne hutoka kwa herufi, si kwa alama: A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya hapo. Daraja hukokotolewa kwa masomo saba bora, kila A ikihesabiwa pointi moja, na daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17; pointi zikiwa chache ndivyo ufaulu unavyokuwa wa juu. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye A saba na mwanafunzi mwenye A kumi wote wana "one ya saba", kama wanavyosema wenyewe, na hakuna karatasi ya matokeo itakayokuambia nani alimzidi mwenzake. Wala kamati haiwezi tena kusubiri taifa limtaje, kwa kuwa Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya mwaka 2022, Baraza lilieleza kwamba limeacha utaratibu wa kutaja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora.

Zinabaki njia tatu za haki. Ya kwanza ni kuweka kiwango, kwa mfano pointi 7 hadi 10, na kumzawadia kila aliyekifikia. Ya pili ni kuzawadia somo, na hapa Hisabati ina dai la nguvu kwa kuwa ni somo ambalo watahiniwa wengi nchini huanguka. Ya tatu ni kuzawadia aliyepanda zaidi, kwa kulinganisha matokeo yake ya Kidato cha Pili na ya Kidato cha Nne. Mimi huegemea mchanganyiko wa ya kwanza na ya tatu, lakini kamati yoyote itakayochagua mojawapo na kuitangaza mapema itakuwa imejiepusha na nusu ya lawama.

Jambo jingine ni kalenda. Mahafali ya Kidato cha Nne hufanyika kabla ya mtihani wa Novemba, kwa hiyo zawadi zinazotolewa siku hiyo kwa jina la "ufaulu" ni za mtihani wa majaribio na maendeleo ya darasani. Matokeo ya taifa yanapotoka, wahitimu wamekwisha kutawanyika, wengine wako kwa ndugu mikoa mingine. Kamati inayotaka kuzawadia matokeo ya taifa inahitaji siku yake, na siku hiyo ina gharama yake.

Vipimo

Nitavitumia vipimo vinne kwa kila aina ya zawadi. Cha kwanza ni gharama, pamoja na ahadi inayofungamana nayo. Cha pili ni mikono, yaani ni nani hasa anayeipokea na kuitumia. Cha tatu ni muda ambao zawadi itaendelea kufanya kazi. Cha nne, ambacho vikao vingi hukisahau, ni hali ya waliokosa: zawadi inawaachia nini wale walioketi chini na kupiga makofi?

Fedha taslimu

Gharama. Hakuna zawadi iliyo rahisi kuipangia bajeti kama fedha. Kamati yenye shilingi 2,400,000 na wanafunzi wanane itampa kila mmoja 300,000, na jioni ya siku hiyo hesabu imefungwa. Hatari iko kwenye ahadi ya kulipa kwa kila A. Shilingi 20,000 kwa A moja husikika kama kitu kidogo mwezi wa Machi; shule ikipata A 150, deni ni shilingi 3,000,000, na hapo mweka hazina hukosa usingizi. Anayependa njia hii aweke kikomo cha jumla, na aseme wazi kwamba kikipitwa kiwango cha kila A kitapunguzwa kwa wote.

Mikono. Bahasha anayopewa mtoto wa miaka 16 au 17 hufika nyumbani kabla ya kufunguliwa, na nyumbani kuna deni la dukani, kuna mahindi ya kununua, pengine kuna msiba. Siwezi kuliita jambo hilo wizi. Nyumba iliyomlisha mwanafunzi miaka minne ina haki ya kusikia harufu ya ushindi wake, na mara nyingi mzazi anajua haja ya mwezi ujao kuliko kamati iliyoko Dar es Salaam. Kama wanakamati wanataka fedha isubiri masomo, zipo njia za kuifunga kidogo: benki kadhaa zina akaunti za watoto, kama Junior Jumbo ya CRDB, na UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto ambao humwezesha mzazi kumnunulia vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, mtoto ambaye hajatimiza miaka 18. Njia hizo hudai cheti cha kuzaliwa na subira ya makaratasi, kwa hiyo zisianzwe wiki ya sherehe.

Muda. Fedha ni fupi, ila ufupi wake una faida yake. Kati ya matokeo na kuripoti Kidato cha Tano mwezi Julai ipo miezi ya kukaa nyumbani, na fedha ndiyo zawadi pekee inayoweza kugeuka kozi ya kompyuta mwezi wa Machi na nauli ya basi mwezi wa Julai.

Waliokosa. Fedha huhesabika, na kinachohesabika hulinganishwa. Kiasi kikitangazwa kwenye kipaza sauti, aliyepata pointi 11 pale kiwango kilipoishia 10 atajua thamani ya pointi moja iliyomzidi mpaka senti ya mwisho. Ni busara bahasha itolewe bila kutaja kilichomo.

Wapo walimu wanaosema kwamba fedha huua mapenzi ya kusoma. Utafiti maarufu wa Lepper, Greene na Nisbett wa mwaka 1973 nchini Marekani uliwahusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa zawadi kwa kuchora walipunguza kuchora baadaye, lakini waliopewa zawadi bila kuahidiwa hawakupunguza. Funzo hilo lina uzito kwa anayetaka kutoa ahadi, na halina uzito sana kwa anayetoa pongezi baada ya matokeo. Tena linahusu jambo ambalo watoto walikwisha kulipenda, ilhali kwa wanafunzi wengi niwajuao Kemia haijafika huko.

Kugharamia masomo

Gharama. Hapa ndipo kamati nyingi huahidi zisichokijua. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 kwa shule za serikali mpaka Kidato cha Nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023 ada ikafutwa pia Kidato cha Tano na cha Sita. Mwanafunzi aliyepangiwa shule ya serikali akiambiwa "tutakulipia ada" ameahidiwa kitu ambacho hadaiwi. Anachohitaji kimeandikwa kwenye fomu ya kujiunga: sare, godoro, shuka, sanduku, vifaa vya masomo ya tahasusi yake (mchepuo wa masomo anaosomea Kidato cha Tano na cha Sita) na michango ya shule, na kwa aliyetoka Kigoma akapangiwa Mtwara ipo nauli ya kwenda na kurudi kila likizo, ambayo kwa familia maskini ndiyo kikwazo chenyewe. Katika shule binafsi ada ni mzigo halisi, na inaweza kupanda kabla mwanafunzi hajamaliza. Chuo kikuu ni safari nyingine tena: shahada nyingi ni miaka mitatu, uhandisi minne, udaktari mitano, na mwanafunzi anaweza kuwa tayari na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, au, akiwa na ufaulu wa juu wa Kidato cha Sita katika masomo ya sayansi, na Samia Scholarship iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Kamati iulize kwanza, ili isilipe palipokwisha kulipwa.

Shilingi 2,400,000 zile zile, zikigawanywa kwa miezi 24, ni shilingi 100,000 kwa mwezi kwa mwanafunzi mmoja hadi amalize Kidato cha Sita. Mmoja tu. Hilo ndilo chaguo gumu ambalo neno "ufadhili" hulificha. Niliwahi kuwa mwanachama wa umoja ulioahidi kuwasomesha watatu kwa michango ya kila mwezi. Mwaka wa kwanza tulichanga kwa furaha, mwaka wa pili wachangaji wakapungua kuliko madeni, na wanafunzi wawili wakaanza kupokea ujumbe wa kuomba radhi badala ya fedha. Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba fedha ya muda wote iwe benki kabla jina halijatajwa.

Mikono. Ada hulipwa moja kwa moja kwa shule kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na risiti hurudi kwa kamati. Kwa wachangaji walio mbali, hasa ng'ambo, uwazi huo ndio unaowafanya wachange tena. Fedha ya godoro na nauli lazima ipitie kwa mzazi au mlezi, na ni heri kumwamini kuliko kumtumia mjumbe wa kumnunulia shuka.

Muda. Hakuna zawadi inayoishi muda mrefu kuliko hii, ikitimizwa.

Waliokosa. Mtoto wa daktari mwenye pointi 7 na mtoto wa mkulima wa mihogo mwenye pointi 12 wakisimama mbele ya kamati, ufadhili unaofuata alama peke yake utamwendea asiyeuhitaji. Nchini Kenya, mpango wa Wings to Fly wa Equity Group Foundation, unaoshirikiana na Mastercard Foundation, hupima ufaulu na uhitaji kwa pamoja, na huwasaili waombaji. Kamati ya kata haina uwezo huo, lakini ina mwalimu wa taaluma anayejua nani alikuja shule bila kula. Gharama ya kutumia maarifa hayo ni kwamba aliyeongoza kwa alama anaweza kukosa, na wazazi wake watauliza kwa sauti. Jibu lisilo na mashaka ni kumpa kila mmoja chake: wa alama apewe heshima, wa uhitaji apewe ufadhili, na sifa za kila zawadi ziandikwe tofauti.

Kifaa cha kusomea

Gharama. Upeo wake ni mpana sana, kuanzia kalkuleta ya kisayansi na vitabu vya tahasusi hadi kompyuta mpakato. Kwa kompyuta, bei ya dukani ni mwanzo tu, kwa kuwa nyuma yake kuna umeme, bando na fundi.

Mikono. Kifaa humfikia mwanafunzi kwa uhakika kuliko fedha, ingawa kinaweza kuuzwa. Kinachokitenganisha naye zaidi ni kanuni za shule. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na kishikwambi mara nyingi huwekwa kundi moja nayo, hivyo kishikwambi kilichotolewa Februari kitabaki nyumbani Julai, mikononi mwa wadogo zake. Kwa anayemaliza Kidato cha Sita na kwenda chuo mambo ni kinyume: kompyuta inamkuta penye haja, kwa kuwa kazi za chuo huandikwa kwa kompyuta.

Muda. Kalkuleta nzuri na seti ya vitabu vya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) vitafanya kazi miaka miwili kamili kisha vitarithiwa. Kompyuta ya bei ya chini iliyotumika huenda isifike mwaka wa pili, na hapa naomba wachangaji wa ng'ambo wanisamehe: shehena ya kompyuta zilizochoka ni zawadi kwa aliyezitoa kuliko kwa aliyezipokea.

Waliokosa. Kitabu hakimuumizi jirani kama bahasha. Nakala ya ziada ikiachwa maktaba ya shule kwa jina la mshindi, waliokosa nao wanagusa kitu.

Heshima ya hadharani

Gharama. Cheti na ngao ni rahisi, shughuli yenyewe siyo. Turubai, viti, muziki, chakula cha mgeni rasmi na msafara wake vinaweza kuzidi thamani ya zawadi zote mezani, na nimeona bajeti ambayo mwanafunzi alikuwa mstari wake mfupi kuliko yote. Ikifanywa kwenye mstari wa asubuhi shuleni, au kwenye kikao cha wazazi ambacho kingefanyika hata hivyo, gharama karibu inaisha.

Mikono. Hii ndiyo zawadi ambayo haiwezi kukopwa, kuuzwa wala kugawanywa, na ndiyo pekee ambayo mzazi huipokea pamoja na mtoto. Mama anayeitwa mbele, akasimama kando ya mwanawe huku kata nzima ikitazama, hatakumbuka kiasi kilichokuwa kwenye bahasha. Zanzibar ina desturi inayolielewa jambo hili vyema, ambapo Rais amekuwa akiwaandalia chakula wanafunzi waliopata daraja la kwanza.

Muda. Inategemea maandishi. Cheti kinachosema "kwa ufaulu mzuri" ni pambo la sebuleni. Kinachotaja somo, daraja, mwaka na kimesainiwa na mkuu wa shule kinaweza kuambatishwa kwenye maombi ya ufadhili, na kikisindikizwa na barua ya mwalimu kinazidi nguvu. Kuandika hivyo hakuongezi hata shilingi.

Waliokosa. Hapa heshima ina makali yake. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ya Kenya ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi baada ya mitihani ya taifa, na hoja iliyosikika huko ilifanana na iliyotolewa Tanzania miaka tisa baadaye: shule zenye mazingira tofauti zinawekwa kwenye ngazi moja, na ngazi hiyo inageuka tangazo la biashara. Kamati ndogo inaweza kupunguza makali hayo kwa kuwaita kwa orodha ya alfabeti badala ya nafasi, na kwa kumwita aliyepanda kutoka daraja la nne la Kidato cha Pili hadi la pili la Kidato cha Nne kwa makofi yale yale. Picha zisisambazwe mitandaoni bila ridhaa ya mzazi.

Zikichanganywa

Chaguo si lazima liwe moja. Mwaka 2001 na 2002, katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, mpango mmoja uliwalenga wasichana wa darasa la sita. Waliofika asilimia 15 ya juu katika mtihani wa wilaya yao walizawadiwa kwa miaka miwili: shilingi 500 za Kenya kwa mwaka zililipwa shuleni, shilingi 1,000 zilikwenda kwa familia kwa ajili ya mahitaji ya shule, na mshindi alitambuliwa mbele ya wazazi na wanafunzi. Wachumi Kremer, Miguel na Thornton walioufuatilia walikuta kwamba Busia alama zilipanda, zikapanda hata kwa wasichana ambao hawakuwa na tumaini kubwa la kushinda, na wavulana wasiohusika nao walionyesha kunufaika, huku walimu wakihudhuria zaidi. Huko Teso, ambako shule kadhaa zilijitoa, matokeo hayakuwa wazi. Kwa msomaji wa kamati, kiasi kilikuwa kidogo na njia zilikuwa tatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni fedha, ada au makofi yaliyofanya kazi. Na ikumbukwe kwamba ile ilikuwa zawadi iliyotangazwa mapema, kwa kiwango ambacho wengi waliweza kukiota, si kwa mmoja wa kwanza.

Kwa hali yako

Kama mfuko ni mdogo na wanafunzi ni wengi, heshima iliyoandikwa vizuri pamoja na kitabu cha tahasusi kwa kila mmoja itakubeba zaidi kuliko bahasha nyembamba kumi.

Kama kuna mwanafunzi mmoja ambaye kila mtu anajua hataripoti Julai bila msaada, weka fedha yake ya miezi 24 pembeni kwanza, omba fomu yake ya kujiunga, na uanze na nauli na godoro. Wengine wapewe vyeti.

Kama wachangaji wako wametawanyika Muscat, London na Toronto na wanataka risiti, ufadhili unaolipwa shuleni utawatuliza. Ikiwa mwanafunzi yuko shule ya serikali, waelezwe mapema kwamba risiti zitakuwa za duka na za basi.

Kama wewe ni mzazi mmoja tu unayefikiria mwanao, huhitaji kamati, na fedha uliyoiweka kwenye akaunti yake bila kumwahidi kabla ni chaguo la kawaida lisilo na lawama, hasa akiachiwa sehemu ndogo aitumie apendavyo.

Kama wahitimu ni wa Kidato cha Sita wanaokwenda chuo, kompyuta mpya ya kiasi ni bora kuliko ya kifahari iliyotumika, na itolewe mapema kabla vyuo havijafunguliwa, ili wapate muda wa kuizoea.

Na kama shule yenu haina hata mmoja mwenye daraja la kwanza mwaka huu, msihamishe fedha kwenda mwakani. Chukueni matokeo ya Kidato cha Pili ya miaka miwili iliyopita, yalinganisheni na haya, na mtafute waliopanda. Katika kila orodha niliyowahi kuipitia kwa namna hiyo, majina hayakukosekana.